LEBO YENYE KOSA JUU YA SARAFU: TUIREKEBISHE AU TUNYAMAZE?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, tahariri ya mwezi huu inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo mno kupewa nafasi katika ukurasa huu. Mtu anamiliki sarafu ya kale. Sarafu hiyo imepelekwa kwa wataalamu, wakaikagua, wakaitambua, wakaipa daraja, kisha wakaifunga ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka ila kwa kuvunjwa. Ndani ya kasha hilo wakaweka lebo inayoeleza sarafu ni ya nani, ya mwaka gani na iko katika hali gani. Baadaye mwenye sarafu anaitazama kwa makini na kugundua kuwa lebo imekosea. Imetaja mwaka usio wake, au mtawala asiye wake, au daraja isiyolingana na hali yake. Kosa si lake. Hakuliandika yeye wala hakuliomba. Je, inamlazimu kulirekebisha? Au aiuze sarafu kama ilivyo, na mnunuzi ajitazamie mwenyewe?

Tunalitanguliza jibu letu ili msomaji ajue tunakoelekea. Lebo ni ushahidi. Mwenye kujua kuwa ushahidi si wa kweli, kisha akaupokelea fedha, ameshiriki katika uongo hata kama hakufungua kinywa chake. Kwa hiyo airekebishe, au aibainishe kwa maandishi kabla ya mali kutoka mkononi mwake. Tena afanye hivyo kosa likimfaidisha yeye au likimfaidisha mwenzake. Yanayofuata ni ufafanuzi wa jibu hilo na mipaka yake.

KWA NINI KILWA

Huenda ndugu akauliza, sisi watu wa Kilwa na Lindi tuna habari gani na lebo za sarafu? Tunayo, tena zaidi ya wengi. Kilwa Kisiwani ulikuwa miongoni mwa miji michache sana ya pwani hii iliyopiga sarafu zake yenyewe kwa majina ya masultani wake. Nyingi katika hizo ni za shaba. Upande mmoja lipo jina la sultani na baba yake, na upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yakiwa yamepangwa kwa vina vinavyoitikiana na jina lile. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimzuru mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu na unyenyekevu, imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na hadi leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko. Katika magofu ya Songo Mnara wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta zaidi ya sarafu 300 zimezikwa pamoja ndani ya nyumba.

Juu ya tabaka hilo la kale yapo matabaka mengine. Zipo pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Zanzibar zenye mwaka 1299 na 1304 wa Hijria, na riyali zake za fedha za mwaka 1299. Zipo pesa za kampuni ya Wajerumani zilizotolewa kuanzia mwaka 1890, zenye maandishi ya Kiarabu na miaka ya Hijria 1307, 1308 na 1309. Zipo rupia na heleri za serikali ya Wajerumani. Ipo pia ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, yenye sura ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu za namna hizi bado zimo katika makasha ya bibi zetu, katika mikufu na shanga, na katika mifuko ya wanaozitafutia wateja miongoni mwa wageni.

Basi tusiseme jambo hili ni la watu wa mbali. Mali imo mikononi mwetu, na siku hizi mtu aliyeko Kilwa Masoko anaweza kupiga picha ya sarafu kwa simu yake na kumwonesha mnunuzi aliyeko Muscat au London kabla ya adhana ya Laasiri.

LEBO INA NGUVU GANI

Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitunga kipimo cha kupanga hali za sarafu kuanzia 1 hadi 70. Moja ni sarafu iliyosagika hata haitambulikani vizuri, na sabini ni sarafu isiyo na dosari. Miaka ya 1980 yakaanzishwa huko Marekani makampuni yanayofanya kazi hiyo kwa malipo, na mashuhuri kati yake ni PCGS lililoanza kazi mwaka 1986, na NGC mwaka 1987. Nia yao ilikuwa njema. Soko lilijaa ugomvi kati ya muuzaji anayesifu na mnunuzi anayeponda, likahitaji mtu wa tatu asiye na hisa katika mauzo ili awe hakimu kati yao.

Kutokana na hapo lebo ikawa na nguvu kubwa. Mnunuzi aghalabu haitazami sarafu, bali husoma lebo. Tofauti ya nambari moja katika daraja, au ya herufi moja katika maelezo, yaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Ile rupia 15 ya Tabora, kwa mfano, ina namna mbili zinazotofautishwa na nakshi ndogo tu: ncha yake huishia chini ya herufi T katika namna moja, na chini ya herufi A katika nyingine. Karani akichapa herufi moja badala ya nyingine, amebadilisha jina la mali nzima.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloipa mas'ala hii uzito wake. Makampuni hayo hutoa dhamana juu ya kazi yao, lakini huyatoa nje ya dhamana hiyo makosa ya kalamu yaliyo dhahiri, kama vile mwaka au aina kuchapwa vibaya kwenye lebo. Maana yake ni kwamba mnunuzi aliyetegemea kosa la namna hiyo akalipa bei ya juu, akirudi kwao kudai fidia huenda asipate kitu. Watamrekebishia lebo, na hasara itabaki juu yake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kosa la lebo halimdhuru yeyote. Linamdhuru mtu mahususi, naye ni yule ambaye muuzaji amepokea fedha zake.

HUKUMU YA HAKIMU HAIHALALISHI HARAMU

Wanyamazao huwa na hoja moja kuu. Husema: "Mimi sikusema chochote. Wataalamu ndio walioandika. Mimi nimeuza kilichoandikwa."

Hoja hii ilikwishajibiwa karne kumi na nne zilizopita. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ummu Salama (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaonya watu wanaomletea mashauri yao. Aliwaeleza kuwa yeye ni binadamu, na kuwa huenda mmoja wao akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa alichokisikia. Basi yeyote atakayepewa kwa hukumu hiyo haki ya ndugu yake, asiichukue, kwani aliyokatiwa ni kipande cha moto. Zingatia, ndugu yangu. Ikiwa hukumu iliyotoka katika kinywa cha Mtume mwenyewe, kwa dhahiri ya ushahidi, haimhalalishii mtu kile anachojua si chake, vipi lebo ya karani aliyechoka imhalalishie?

Muslim amepokea pia kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa cha rundo la nafaka sokoni. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani yake, vidole vikagusa unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume hakumkadhibisha, kwa maana mvua haikuwa kosa lake. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatamka lile tamko zito la kumtenga mwenye kughushi. Huyu naye hakuilowesha nafaka yake. Alichofanya ni kuliacha lililokavu liseme kwa niaba ya lililolowa. Mwenye lebo yenye kosa yuko palepale aliposimama mtu yule.

Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, baraka ya biashara imefungamanishwa na mambo mawili kwa pamoja: kusema kweli na kubainisha. Lau kunyamaza kungetosha, kusingetajwa kubainisha baada ya kusema kweli. Ndiyo maana mafakihi wakampa mnunuzi hiyari ya kurudisha mali akigundua aibu iliyofichwa, na hiyari nyingine inapokosekana sifa aliyoitegemea wakati wa kununua. Sarafu iliyouzwa kuwa ya mwaka fulani ikadhihirika kuwa ya mwaka mwingine, imekosa sifa iliyonunuliwa kwayo.

SI KILA KOSA NI KOSA MOJA

Hata hivyo, insafu inatutaka tupambanue, kwani wapo watu wema wanaojitia uzito usiowalazimu. Makosa ya lebo ni aina mbili.

Aina ya kwanza ni kosa la habari. Lebo imesema 1304 na sarafu imeandikwa 1299. Imesema fedha, na sarafu ni shaba. Imemtaja baba mahali pa mwana. Au mtu asiyejua hesabu za Hijria ameuchukua mwaka 1299 kuwa ni wa Miladia, akaifanya pesa ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1882 hivi, kuwa na umri wa karne saba! Haya si mambo ya rai. Yana jibu moja, na anayelijua hana ruhusa ya kulificha.

Aina ya pili ni tofauti ya hukumu. Mpimaji ameipa sarafu 64, na mwenye sarafu anaona inastahiki 63. Hapa pana ijtihadi. Mpimaji ameangalia kwa uzoefu wake, na hakimu aliyejitahidi akakosea amebashiriwa ujira mmoja katika hadithi ya Amr bin al-As (r.a.). Mwenye sarafu hatakiwi kuivunja hukumu ya mtaalamu kwa sababu ya shaka yake mwenyewe. Linalompasa ni kutoficha anachokijua kwa yakini. Akiwa ameona mkwaruzo ambao mpimaji hakuuona, auoneshe. Akiwa anajua kuwa sarafu iliwahi kusuguliwa kwa ndimu na majivu ili ing'ae, aseme, kwa sababu wakusanyaji huihesabu sarafu iliyosafishwa kuwa imeharibiwa, na thamani yake hushuka hata kama macho ya wengi yanaipenda.

Kipimo chepesi ni hiki: jiulize, je, mnunuzi angelijua ninalolijua, angetoa bei hii? Ukiona moyo wako unaomba asilijue, basi hilo ndilo linalopasa kusemwa.

HOJA NYINGINE TATU

Wapo wasemao: "Mnunuzi ni mgeni tajiri, tena si Muislamu. Hasara hii haimuumizi." Hawa warejee Surat Al Imran, aya ya 75, ambapo Mwenyezi Mungu anawalaumu watu waliodai kuwa hawana lawama kwa kula amana za wasiokuwa wa kundi lao, akabainisha kuwa wanamzulia Yeye uongo hali wanajua. Na Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, ilhali washirikina wake ndio waliokuwa wakitafuta kumuua, alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili arudishe amana za watu. Haki ya mtu katika mali yake haipimwi kwa dini yake wala kwa wingi wa fedha zake. Pia tukumbuke kuwa mgeni anayedanganywa Kilwa hasemi "fulani amenidanganya". Husema "nimedanganywa Kilwa."

Wapo wasemao: "Kurekebisha kuna gharama. Posta ni ghali, bima ni ghali, na sarafu yenyewe haina thamani kubwa." Hii ni hoja ya kweli, na Sharia haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Makampuni kwa kawaida hurekebisha kosa lao la kalamu bila kutoza ada ya upimaji, lakini kuituma sarafu ng'ambo na kuirejesha ni mzigo. Jawabu ni kwamba wajibu ulioko ni kubainisha, na kurekebisha lebo ni njia mojawapo tu ya kubainisha. Asiyeweza kuituma aandike karatasi, aifungamanishe na kasha, aeleze kosa ni lipi na usahihi ni upi, na aitaje katika tangazo lake la kuuza kabla bei haijatajwa. Karatasi haina gharama. Ila mwenye uwezo wa kurekebisha ni aula arekebishe, kwa sababu karatasi hupotea na lebo hubaki.

Na wapo wasemao: "Wapo wakusanyaji wanaozipenda lebo zenye makosa, huzinunua kwa ajili ya kosa lenyewe. Nikiirekebisha nitakuwa nimeiharibu." Naam, watu wa namna hiyo wapo. Kumwuzia mtu huyo ni halali, maadamu anajua kuwa anachonunua ni kosa. Yeye ameshabainishiwa. Haramu ni kuliuza kosa kwa bei ya usahihi.

KOSA LINAPOMDHULUMU MUUZAJI

Hadi hapa tumemsemesha muuzaji. Lakini mizani ina vitanga viwili. Surat al-Mutaffifin imewalaani wale ambao wakijipimia wao hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Je, mnunuzi anayeona lebo imeishusha sarafu chini ya haki yake, akanyamaza, akalipa bei ya kosa, naye yuko wapi?

Mafakihi wamepanua hapa kuliko kule. Mtu aliyetumia miaka kujifunza, akaitambua mali nzuri sokoni ambayo wengine hawakuitambua, elimu yake ni rasilimali yake, na faida yake si haramu kwa asili, maadamu hakudanganya wala hakuulizwa akaficha. Lakini juu ya daraja ya halali ipo daraja ya ihsani, na Masahaba waliiishi. At-Tabarani amepokea kisa cha Jarir bin Abdullah al-Bajali (r.a.). Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi alimwambia mwenyewe kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akampandishia mia baada ya mia, hadi akamlipa 800. Alipoulizwa alieleza kuwa alikwisha mpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumnasihi kila Muislamu.

Tunalisema hili kwa mkazo kwa wale wanaopita vijijini kununua vitu vya kale. Bibi kizee wa Kivinje au Mchinga anayetoa riyali ya marehemu mumewe hana lebo, hana kitabu cha bei, wala hana simu ya kumuuliza mtu. Yeye anakutegemea wewe. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye misafara nje ya mji kabla hawajaijua bei ya soko, na akampa muuzaji hiyari akifika sokoni akaona amepunjwa. Mwenye kumwendea bibi huyo mlangoni ili kuutumia ujinga wake wa bei, na ajiulize kama hajaingia katika maana ya katazo hilo.

SOMO LA ALI BIN AL-HASAN

Ndugu Waislamu, kwetu sisi ipo lebo kubwa kuliko zote, na historia ya kurekebishwa kwake ina mazingatio.

Sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka. Msomaji anaona jina "Ali bin al-Hasan", lakini haoni aliishi lini. Kwa hiyo kila aliyeziandikia lebo alilazimika kutafuta tarehe kutoka mahali pengine. Mapokeo ya wenyeji na tarikh ya Kilwa humfanya Ali bin al-Hasan kuwa mwasisi wa usultani aliyefika kutoka Shirazi, na wengi wakamweka karne ya 10 Miladia. Lakini tarikh ya Kiarabu na habari alizoziandika Mreno João de Barros mwaka 1552 hazilingani katika orodha za masultani. Kisha akaja mchimbuzi Neville Chittick, ambaye kitabu chake juu ya Kilwa kilitoka mwaka 1974. Yeye, kwa kutazama matabaka ya udongo, alimsogeza mbele hadi kiasi cha mwaka 1200.

Mwaka 1984 hazina kubwa ikapatikana Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ikiwa na zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zilizopigwa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Dinari hizo, nyingi zikiwa za Mafatimiya, zina miaka juu yake. Jina la Ali bin al-Hasan likaonekana miongoni mwa sarafu za hazina hiyo, na ushahidi wa dinari ukawarejesha wataalamu katika karne ya 11. Lebo za sarafu zake zikaandikwa upya.

Tazama namna kweli ilivyokata pande zote mbili. Ilimrejesha Ali bin al-Hasan nyuma ya tarehe ya Chittick, na hilo likawafurahisha wengi wetu. Lakini haikumfikisha katika karne ya 10 ambayo fahari yetu iliipenda. Anayeipokea nusu ya kwanza na kuikataa ya pili haitafuti kweli, anatafuta sifa. Surat an-Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha tusimamishe uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Wanaowatembeza wageni katika magofu ya Kisiwani, na walimu wanaowafundisha watoto habari za mji wao, na wasome aya hiyo kabla ya kuongeza miaka mia juu ya jiwe au sarafu. Kilwa ni kubwa kwa kadiri yake ya kweli. Haihitaji kuongezewa.

SARAFU ZISIZO ZA KUUZWA

Hapa lazima tuweke mpaka. Yote tuliyosema juu ya kuuza yanahusu sarafu ambazo mtu anazimiliki kihalali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeviweka chini ya ulinzi vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na imezuia kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Sarafu za masultani wa Kilwa zimo humo. Anayeiokota moja maji yakiwa yamekupwa au mvua ikiwa imefukua udongo, na aipeleke kwa ofisi ya Mambo ya Kale, aeleze ameiokota wapi hasa. Sarafu iliyong'olewa mahali pake bila maelezo imepoteza nusu ya ushahidi wake. Mtambwe imetufundisha kuwa ni kule kuonekana pamoja, mahali pamoja, ndiko kulikosahihisha tarehe. Na kuificha sarafu hiyo kisha kuipachika lebo ya uongo kuwa ilitoka nchi nyingine, ili ipite bandarini, ni kukusanya madhambi mawili katika kipande kimoja cha shaba.

NASAHA ZETU

Kwanza, mwenye sarafu yenye lebo aisome sarafu kabla ya lebo. Maandishi mengi ya sarafu za pwani hii ni ya Kiarabu, na vijana wetu wa madrasa wanaweza kuyasoma. Ni aibu lebo ya ng'ambo ikosee jina lililoandikwa kwa herufi ambazo mtoto wa chuo anazijua, na asitokee wa kulisahihisha.

Pili, akiona kosa la habari asiuze mpaka arekebishe au abainishe kwa maandishi, na kama ameshauza ndipo akagundua, amjulishe mnunuzi na ampe hiyari. Imepokewa kuwa mshirika wa Imamu Abu Hanifa (Allah amrehemu) aliuza nguo yenye dosari akasahau kuitaja, na mnunuzi hakujulikana tena alipo. Imamu aliyatoa mapato yote sadaka.

Tatu, asiyekusudia kuuza asijione yuko nje ya jambo hili. Yeye atakufa na lebo itabaki. Warithi wake hawatajua alichokijua, wataiuza kwa maandishi yaliyopo, nao watakuwa wamedhulumu au kudhulumiwa bila kujua. Aandike usahihi katika wosia wake au aubandike kwenye kasha leo.

Nne, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, alieleza katika Ihyaa jambo linalotisha juu ya dirhamu mbovu. Anayeijua kuwa mbovu kisha akaipitisha kwa mwingine, madhara yake huenda kutoka mkono hadi mkono, na dhambi humfuata aliyeianzisha hata baada ya kifo chake, miaka mia au mia mbili, mpaka dirhamu ile iishe. Akashauri itupwe kisimani isimfikie mtu. Lebo ya leo ni kama dirhamu ile. Imefungwa katika plastiki isiyooza, itauzwa na kuuzwa tena kwa watu ambao hatutawaona. Tofauti ni kuwa sisi hatuhitaji kisima. Mstari mmoja wa kalamu unatosha kuikata safari ya kosa.

Masultani wa Kilwa waliandika juu ya shaba kuwa wanamtegemea Mwenyezi Mungu. Mwenye kuishika shaba hiyo, au nyingine yoyote, na kukiri maneno hayo kwa ulimi, hana haja ya riziki inayopitia katika kosa la mtu mwingine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitakase mali zetu na azijaalie ndimi na kalamu zetu kuwa mashahidi wa kweli. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.